Gunia halihesabiwi

Chikongola, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Barua yako nimeipata, na salamu za mama nimezifikisha. Nimecheka, halafu nikajuta. Yaani mwalimu kakupa gramu 36 za maji utafute ni moli ngapi, na moli moja ya maji ni gramu 18, wewe ukazidisha kwa 18 ukapata moli 648! Maji ya vijiko viwili vya chakula umeyageuza zaidi ya nusu ndoo.

Sikia. Msimu huu namsaidia baba mdogo ghalani, magunia yamejaa hadi mlangoni. Hakuna anayehesabu korosho. Juzi nikachukua 20, nikaziweka kwenye mizani ndogo: gramu 100. Kumbe moja ni gramu 5, na gunia la kilo 80 lina kama korosho 16,000, wala sijalifungua. Umeona nilichofanya? Nimegawa, sikuzidisha.

Moli ndiyo hiyohiyo. Chembe hazihesabiki kwa vidole, basi wanakemia wakakubaliana gunia moja liwe na chembe 6.02 × 10²³, ile namba ya Avogadro. Gunia la maji lina gramu 18, la chumvi ya jikoni gramu 58.5. Umepewa gramu 36 za maji? Magunia mawili. Moli 2, kwisha.

Sasa hiyo oganiki unayoiogopa, yaani kemia ya kaboni. Shika moja tu: kaboni ina mikono minne na haiachi mkono mtupu. Gesi asilia inayochimbwa huku kwetu Msimbati karibu yote ni methani, kaboni moja imeshika haidrojeni nne. Kaboni zikishikana mbili ni ethani, tatu propani, nne butani. Mtungi wenu wa jikoni una hizo mbili za mwisho. Kesho asubuhi teleka sufuria ya baridi kwenye jiko la gesi, kisha chungulia tako lake kabla halijapata moto. Linatoka jasho! Ni haidrojeni ya gesi imeungana na oksijeni ya hewani, yamekuwa maji. Mimi miaka yote nilikuwa nalifuta kwa kitambaa, nikidhani sikulikausha vizuri.

Mafuta ya ganda la korosho nayo ni oganiki, fenoli, yaani pete ya kaboni iliyoshika oksijeni na haidrojeni, zenye mkia wa kaboni 15 usiopatana na maji, ndiyo maana maji matupu hayayatoi. Yamenibabua vidole viwili, ngozi nyeusi inabanduka kama ganda la kitunguu, na mwandiko huu mbaya usinilaumu. Ethanoli, ile pombe ya gongo la mabibo, sikuelezi, utasema nimeionja.

Mjomba wako anarudi Lindi Ijumaa, nitampa kilo mbili za korosho zilizobanguliwa akuletee. Gramu 11 za propani ni moli ngapi? Kaboni chukua 12, haidrojeni 1, ujumlishe upate gramu za gunia moja. Nataka jibu kabla hujazimaliza, na mkokotoo wote uuandike, maana ukileta 484 nitajua umezidisha tena.

Wako,
Fatu