Kuhusu lile bango lako la bendera

Zuhura rafiki yangu,

Salamu nyingi. Bango lako limenifika jana jioni, na kabla hata sijavua viatu nikalibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua kumi. Bango husomwa na mpita njia, kwa hiyo nikajifanya napita. Nilichokiona ni neno moja tu, AIBU, kwa herufi nyekundu. Bendera mpya yenyewe, ile yenye jani la kangaga, imejikunyata kule chini, ndogo kama stempu.

Nisikufiche, neno hilo lifute. Mwalimu wenu kawapa kazi juu ya kura ya maoni ya New Zealand ya Machi 2016, ile ya kuamua kama bendera ya taifa ibadilishwe, nawe umeshika upande wa mabadiliko. Nami niko upande huohuo kwa moyo wote. Lakini kumbuka upande wetu ulishindwa: asilimia 56.6 walitaka bendera ya zamani ibaki. Hao ndio unaozungumza nao. Bendera ile imekuwa rasmi tangu 1902. Yuko mtu aliyeiona imefunikwa juu ya jeneza la baba yake. Ukimwambia ni aibu, hatafika mstari wa pili.

Usiku nimelala nikiliwaza hilo. Hoja yao iliyogusa watu kuliko zote ilikuwa kwamba askari walikufa wakiipigania bendera hiyo, na wewe umeikwepa kabisa. Mimi ningeiweka katikati ya bango. Nenda katazame picha za makaburi ya askari wa New Zealand waliouawa katika vita kuu mbili za dunia, yale ya Ufaransa na Ubelgiji. Kwenye mawe yao limechongwa jani la kangaga. Zile nyota nne nyekundu za bendera ya zamani hazipo, na alama ya Uingereza iliyo pembeni mwake haipo.

Chora jiwe moja, Zuhura. Moja tu, jeupe, limesimama kwenye nyasi fupi. Mwanga utoke ubavuni, jua likiwa chini, ili kivuli kiingie katika kila mchongo wa lile jani. Halafu juu, nyuma ya jiwe, bendera mpya ikipepea, nyeusi na nyeupe na bluu, yenye jani hilohilo. Jicho litapanda lenyewe kutoka kaburini hadi mlingotini. Maneno yawe manne: "Jani hili walilala nalo." Usiongeze kitu.

Ile orodha ya nchi zilizobadilisha bendera ningeitoa, ila kama moyo unakuuma, bakiza Kanada. Wao waliacha bendera yenye alama ya Uingereza mwaka 1965, wakachukua jani jekundu, na jani hilo leo linatambulika popote. Malawi itoe haraka! Walibadilisha 2010, wakairudisha ya zamani 2012. Hapo umempa mpinzani wako panga, tena umemshikisha mpini.

Ulinganisho na Australia ni mzuri, lakini si kwa namna ulivyouchora. Umezitandaza bendera mbili kama vitambaa mezani, basi mtu atahesabu nyota, aone New Zealand wana nne nyekundu na Australia sita nyeupe, aseme mbona zinatofautiana. Zichore siku isiyo na upepo, zimelala kwenye milingoti yake, zinaonekana bluu na ile pembe ya Uingereza tu. Atakayezitofautisha hapo nani? Hilo lakini ni bango la pili. Usilibananishe na jiwe.

Nitumie rasimu ya penseli kabla hujagusa rangi. Nahofia weusi wa bendera utakimeza kivuli cha jiwe, na hilo nataka tulitazame sote wawili mapema, karatasi ikiwa bado inafutika.

Wako akupendaye,
Rehema