Mwanangu, Canterbury watu wanaishi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba mama. Voisi yako nimeisikiliza nikitoka shifti ya usiku, na lile swali lako halijanitoka, eti mama huko kwenu Canterbury, Uingereza, kuna watu wanaishi kweli au ni kanisa na watalii tu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunaishia kuongelea nauli na viza.

Watu wanaishi, tena wengi. Sisi tuko St Dunstan's, nje kidogo ya ukuta wa mji wa zamani, ukitoka lile geti kubwa la mawe la Westgate unafuata barabara, unavuka reli, ndo ushafika kwetu. Nyumba za matofali zimeungana ukuta kwa ukuta, mlango ukifungua uko barabarani, nyuma kuna kiua kidogo cha kuanika nguo siku jua likitoka. Nyingine za miaka mingi sana na sheria inazilinda, mwenye nyumba hawezi tu kuamka akabadili dirisha au kuvunja ukuta bila kibali, kwa hiyo baridi inapenya na unavumilia, unavaa soksi mbili ndani.

Najua bibi yako akisikia Canterbury anamuwaza Askofu Mkuu tu. Simlaumu, pale Magila wamishenari wa UMCA walileta Uanglikana tangu enzi za babu zake, Canterbury kwake ni jina la kwenye sala. Ila mwambie hivi, mimi kanisa kuu naliona kila siku, ule mnara wao wanauita Bell Harry unauona ukiwa popote, nikipotea njia naangalia mnara najua niko wapi. Watalii wanakata tiketi kuingia, ila ukienda kusali hulipi, ibada ya jioni wanaimba kwaya mpaka mwili unasisimka. Nilikaa nyuma kabisa mara ya kwanza na hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Sasa hii barabara yetu, mama, ina mambo. Mwaka 1170 Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa kuu na askari wapanda farasi wa Mfalme Henry wa Pili, na mwaka 1174 mfalme mwenyewe akaja kutubu, akavua viatu kwenye kanisa la St Dunstan's hapa jirani, akatembea pekupeku mpaka kaburini kwa Becket. Ni njia hiyohiyo mi napita na mifuko ya dukani. Alafu kwenye kanisa hilohilo la St Dunstan's ndo kimezikwa kichwa cha Thomas More, waziri mkubwa wa zamani wa Mfalme Henry wa Nane, yule aliyekatwa kichwa 1535 kwa amri ya mfalme huyohuyo, wanasimulia kwamba binti yake Margaret ndo alikichukua kichwa cha baba yake kilipokuwa kimetundikwa kwenye daraja la London akakihifadhi, na kikaja kulala kwenye kaburi la ukoo wa mumewe. Kila nikipita pale nakuwaza wewe, sikufichi. Mtoto wa kike kufanya vile mbele ya serikali ile sio mchezo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni cha wakimbizi. Karne ya 16 walikuja Waprotestanti wanaokimbia mateso Ufaransa na kule Ubelgiji ya leo, wengi mafundi wa kufuma vitambaa, mji ukawapokea, wakapewa sehemu ya kusalia chini kabisa ya kanisa kuu, kwenye zile kuta nene za chini ya ardhi. Na mpaka leo, mwanangu, kuna ibada ya Kifaransa humo ndani. Karne zote hizo! Sasa mtu akikuangalia vibaya hapa kwamba umetoka mbali, wewe jua huu mji umeshazoea watu wa mbali kabla hata Uingereza haijawa na viazi.

Majirani. Hapo sikiliza vizuri maana ndo nilichotaka kukwambia kuliko vyote. Huku hakuna hodi. Mtu hatakuja kukujulia hali, usije ukakaa ndani unasubiri ukasema watu wana roho mbaya. Wao wanaanzia kwenye hali ya hewa, leo baridi eh, afadhali jana, na wewe unajibu, basi mmeshasalimiana. Baada ya muda ndo inakuja ya maana. Mzee wa mlango wa pili nilipeleka maandazi ya iliki Krismasi, akayapokea mlangoni hata ndani hakunikaribisha nikarudi zangu, wiki iliyofuata nakuta pipa langu la taka kashalirudisha mlangoni, na tangu siku hiyo analirudisha kila wiki hata mvua inyeshe. Yaani ndo upendo wake huo. Vuli ikifika watu wa Kent, mkoa wetu huu, wana matufaa mpaka wanashindwa, huyo mzee anaweka boksi nje na karatasi imeandikwa chukua, na mimi lazima anigongee dirisha kuniambia yale ya kijani ni ya kupika.

Mapipa yenyewe yana ratiba yake, nitakufundisha ukija, ukikosea hawabebi.

Mtaa umejaa wanachuo, University of Kent iko juu ya kilima tangu 1965 na vijana wanashuka usiku wanaimba, Juni wakiondoka kunakuwa kimya mpaka unawakumbuka. Majirani wengine wanawalalamikia makelele, mi nawaonea huruma, wengi ndo mara ya kwanza kuishi bila mama zao. Na wewe utakuwa mmoja wao. Kuhusu hela usihofu, mtu mzima anayeishi peke yake anapunguziwa asilimia 25 ya kodi ya kaunsili, yaani kodi ya nyumba ya halmashauri, na wewe ukiwa mwanafunzi wa kutwa hawakuhesabu, kwa hiyo ukihamia kwangu punguzo linabaki palepale. Nimeshauliza.

Ila giza jiandae. Desemba saa kumi jioni jua limeshazama, unatoka kazini hujaliona kabisa, na mwaka wa kwanza moyo unakuwa mzito bila sababu. Siku kama hizo usijifungie, toka, tembea Westgate Gardens pembeni ya mto Stour hata kama unatetemeka. Juni inakuja, saa tatu usiku bado kweupe na watoto wanacheza nje.

Ukitua London panda treni ya haraka pale St Pancras, kama saa moja hivi unashuka Canterbury West, nitakuwa nje ya stesheni, na tutatembea kwa miguu mpaka nyumbani, sio mbali. Usibebe nyama watakunyang'anya uwanjani, beba iliki, mdalasini na ile mitandio miwili niliyoacha kwa shangazi. Na Jumapili mkitoka kanisani mpe bibi simu, hiyo habari ya mfalme pekupeku nataka nimsimulie mwenyewe.

Mama yako