Waya wa masufuria usiguse rangi ya gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye magari, na hasa na vijana wanaotuoshea.

Mimi ni dereva wa gari la kukodi. Nakaa Bombo, abiria wangu wengi wako Kampala, na gari langu ni Toyota Premio ya buluu iliyokolea. Nikingoja abiria natafuta kivuli, na kivuli cha Kampala kina wenyewe: kaloli, yule korongo mkubwa. Ndege huyo akikunjua mabawa anaweza kupita mita mbili na nusu. Anakula mabaki ya jalalani, na anachokiachia kutoka juu ya mti si kidoa cha shomoro, ni bakuli zima la chokaa.

Mwaka jana mama yangu alilazwa, nikaliacha gari siku nne chini ya mti. Niliporudi boneti ilikuwa nyeupe na imekauka kama plasta. Nikalipeleka kuoshwa. Kijana akaniambia, “Mzee, hii inatoka tu,” akachukua waya wa kusugulia masufuria na sabuni ya unga. Kweli ilitoka. Lakini palibaki duara lililofifia, lenye mikwaruzo, kubwa kama sahani, na halikurudi kung’aa hata nilipolipaka nta. Simlaumu yule kijana. Alilipwa aondoe uchafu akauondoa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba doa lililokaa si uchafu tena.

Fundi wa rangi aliyenitengenezea baadaye, mtu mzima mwenye subira, ndiye aliyenifungua macho. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani nusu tu ya karatasi ya kuchapishia. Jua likiwaka, tabaka hilo hulainika na kutanuka. Kinyesi nacho kinakauka na kuwa kigumu juu yake. Usiku rangi inapopoa inajikunja kufuata umbo la kile kilichoganda, na tindikali iliyomo inazidi kula. Ndiyo maana ukishaosha bado unaona alama: si kitu kilichobaki juu, ni shimo. Sasa ukisugua shimo kwa waya unafanya nini? Unalipanua.

Tangu hapo nafanya hivi. Gari likiwa kivulini na boneti imepoa, nachanganya kijiko kimoja cha soda ya kuokea na nusu lita ya maji ya uvuguvugu, naloweka kitambaa laini, nakilaza juu ya doa dakika kumi na tano. Likiwa la zamani narudia mara tatu. Kisha nainua, sisugui, kwa sababu ndani mna chembe zinazokwaruza kama mchanga. Utomvu wa mwembe unalainishwa na spiriti kwenye pamba. Lami ya barabarani inaachia kwa mafuta ya taa kidogo, mradi uoshe kwa sabuni papo hapo. Zile duara nyeupe za maji ya kisima, siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, halafu suuza. Na jamani, mafuta ya breki yasikaribie kabisa: yanavua rangi.

Alama ikibaki baada ya hayo, pitisha kucha juu yake polepole. Kucha isipokwama, polishi laini kwa mkono itaipunguza, nayo itumike kwa uchache, kwani kila unapong’arisha unapunguza klia kidogo na haioti tena. Kucha ikikwama, mpelekee fundi wa rangi. Boneti yangu ilifika huko. Nililipa shilingi 200,000, pesa ambayo wakati ule ilihitajika hospitalini.

Mimi siku hizi natembea na chupa ya maji na kitambaa chini ya kiti. Doa la dakika kumi linaondoka kwa maji matupu.

Nawaomba wenye vituo vya kuoshea magari wawanunulie vijana vitambaa laini, soda na chupa ya spiriti, na waya ubaki jikoni. Nanyi wateja, mkimwona kijana amefunika doa kwa kitambaa kibichi akakaa pembeni, msimpigie kelele kwamba anawapotezea muda. Mwacheni.

Dereva wa gari la kukodi,
Bombo