Mafanikio gani hayo ya spika ya laki saba?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile likija Tabora kwa treni, habari za jana tunazipata leo jioni, na muda wote huo sijawahi kuwaandikia. Mengi nimeyameza. Lakini ile habari ya ukurasa wa biashara kuhusu HomePod, spika janja ya Apple, yaani ile unayoiamrisha kwa sauti, imenikaa kooni. Mimi ni fundi redio, spika ndizo zinazonilisha. Mtu anaandika kwamba bidhaa imepata mafanikio makubwa sokoni, anajaza safu tatu, na hakuna mstari hata mmoja unaosema zimeuzwa ngapi.

Hakusema kwa sababu hakuna wa kumwambia. Apple haijawahi kutangaza idadi ya HomePod ilizouza. Mapato yake yanaingizwa kwenye fungu moja na ya saa, hedifoni na vikorokoro vingine, basi. Sasa huyo mwandishi wenu mafanikio aliyaona wapi? Kwenye picha?

Na hiyo picha nayo! Spika nyeupe imewekwa juu ya meza ya mbao iliyong'arishwa. Aliyeichagua hajui utani alioufanya. HomePod ilipotoka tu, Februari 2018, wanunuzi walianza kulalamika kwamba inaacha duara jeupe kwenye mbao iliyopakwa mafuta au nta, kwa sababu ya kitako chake cha silikoni. Kampuni ikajibu kwamba alama za namna hiyo si jambo la ajabu kwa spika zenye kitako kama hicho, na kwamba mwenye wasiwasi aiweke mahali pengine. Laki nane kasoro za shilingi kwa bei ya wakati huo, halafu unaambiwa utafute meza nyingine.

Twende taratibu, maana mwandishi aliruka ruka. Spika hiyo ilitambulishwa Juni 2017 ikaahidiwa kuwa madukani Desemba. Krismasi ikapita bila yenyewe. Ikatoka Februari 9, 2018, Marekani, Uingereza na Australia, kwa dola 349. Wakati huo Amazon ilikuwa imeshatangulia na spika janja yake, Echo, tangu mwishoni mwa 2014, na Echo ndogo ilikuwa ikipatikana kwa dola 50. Aprili 2019 Apple wakashusha bei ya HomePod hadi dola 299. Novemba 2020 wakaingiza sokoni HomePod mini ya dola 99, na Machi 2021 wakatangaza kwamba ile kubwa hawaitengenezi tena, nguvu zote zinahamia kwenye mini. Januari 2023 wakairudisha kubwa, toleo la pili, kwa dola 299 zilezile. Huko kurudi ndiko mwandishi wenu alikokufanya ushahidi wake. Mwenye duka hapa Soko Kuu akishusha bei, akafunga, kisha akafungua tena baada ya miaka miwili kwa bei ileile ya punguzo, majirani watasema ana mtaji. Hakuna atakayesema duka lilikuwa linachangamka.

Wala haikuwa peke yake. Google walileta Home Max yao Desemba 2017 kwa dola 399, na 2020 haijaisha wameshaiacha. Samsung walionyesha Galaxy Home Agosti 2018 na haikufika dukani mpaka leo. Walioliona soko la spika janja za bei kali kwa karibu waliliona hivyo. Watu walitaka kitu kidogo cha bei poa cha kuwaambia saa na hali ya hewa, na wenye masikio ya muziki walikuwa na redio zao tayari.

Nisionekane mwenye husuda. Ile ya kwanza ilikuwa na wufa moja ya besi, twita saba za sauti nyembamba na maikrofoni sita, zinazosikiliza chumba chenyewe kisha kurekebisha besi kulingana na kuta. Ndani ya kitu cha kilo mbili na nusu. Kwa ufundi wa sauti navua kofia, na waliosifu sauti yake hawakusema uongo. Ila kusifiwa ni kitu kimoja na kununuliwa ni kingine. Halafu iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, walipoifungua mwaka huo 2018 walifikia kushika msumeno, wakaipa alama moja kati ya kumi. Spika inayofunguliwa kwa msumeno, Mhariri! Sisi huku tumezoea bisibisi.

Sasa niwaambie kwa nini nimechemka. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, macho yake yamepungua, kuhangaika na vitufe hawezi tena. Binti yake aliyeko Dar es Salaam alisoma habari za namna hii hii, akaamini, akaenda duka moja la vifaa vya kisasa akamnunulia baba yake spika janja ya bei mbaya. Chapa yake siitaji, na duka silitaji, wenyewe wanajijua. Mzee akaniletea mezani akisema, "Fundi, hii imegoma." Nikaitazama, haijagoma. Inataka intaneti ya nyumbani saa zote, na mzee ana bando la wiki kwenye kitochi. Inataka simu janja ya kuiwashia, hana. Tukaazima simu ya mjukuu, tukarusha intaneti kutoka humo humo, ikawaka. Mzee akakaa vizuri kwenye kigoda, akaisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" Kimya. Akasema kwa Kiswahili safi, taratibu, kama anatangaza treni: "Naomba taarifa ya habari." Ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haijaelewa. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akidhani haisikii. Wateja wengine wakaanza kucheka na mimi nikaona aibu kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Binti alipoirudisha dukani akaambiwa boksi limeshafunguliwa, bidhaa ikishatoka haipokelewi. Akauliza kwa nini hakuambiwa kwamba haielewi Kiswahili. Muuzaji akamjibu, mama, hukuuliza. Hukuuliza! Mtu ananunua spika ya kumsomea baba yake habari, Tanzania, na ni juu yake kuuliza kama inajua lugha ya Tanzania! Mzee amebaki na redio yake ya betri niliyoibadilishia swichi, na kile kitu kipo kabatini kimefunikwa kitambaa, kwa sababu laki kadhaa hazitupwi.

HomePod nayo isimsahaulishe mtu hilo. Msaidizi wake, Siri, hajui Kiswahili, na Apple haiiuzi rasmi hapa nchini. UNESCO imeitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, hotuba zinatolewa, lakini hayo mafanikio ya sokoni mliyotuandikia sisi wasomaji wa Kiswahili ni ya soko ambalo hatumo. Na bei mliiacha kwa dola. Mngeigeuza kuwa shilingi msomaji angeona mwenyewe: dola 299 ile Januari 2023 ilikuwa karibu laki saba, bado usafiri, bado ushuru, bado tamaa ya muuzaji.

Na kwa kuwa kalamu iko mkononi, kuna hizi sabufa. Tangazo la sabufa lilikuwa upande wa pili wa ukurasa huo huo, nadhani mnakumbuka, maana mlilipwa. Limeandika wati 8,000. Mhariri, nyuma ya sabufa za aina hiyo ninazozifungua kila wiki kuna fyuzi ya ampea 1. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha. Kifaa chenye fyuzi hiyo hakiwezi kuvuta zaidi sana ya wati 230 kwa muda mrefu kabla fyuzi haijaungua, na ndani nakuta katransfoma kadogo ambako hata hizo hakazifikii. Ili itoe wati 8,000 kweli ingevuta zaidi ya ampea 34, na soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Wangeiwasha mtaa wa Kanyenye tungeona moshi mtaa wa Isevya. Mbele ya namba hiyo huwa wanaweka herufi PMPO, eti nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua, ambazo maana yake kila kiwanda hujipangia, na hakuna anayewauliza wameipima vipi. Kijana anauza gunia la karanga, ananunua "wati 8,000", mwezi haujaisha koili imeungua, anakuja kunigombeza mimi.

Ugonjwa ni ule ule. Huku wati ambazo hakuna aliyezipima, kule mafanikio ambayo hakuna aliyeyahesabu, yote kwenye karatasi moja, tena ya shilingi zangu.

Napendekeza hivi. Kila habari ya bidhaa ya umeme iwekewe kisanduku pembeni: bei kwa shilingi; inauzwa rasmi Tanzania au la; inaelewa Kiswahili au la; intaneti ikikata inabaki kuwa nini; zimeuzwa ngapi na nani kasema. Hicho cha mwisho kikiwa kitupu, neno mafanikio lifutwe, na habari ihamishiwe kwenye ukurasa wa matangazo ambako itakuwa imepata wenzake. Matangazo ya sabufa nayo yaandikwe ukubwa wa fyuzi kwa herufi nene kuliko za wati.

Mwandishi akiona haya ni magumu, namkaribisha kijiweni kwangu Jumamosi yoyote. Nitampa mita na sabufa ajipimie mwenyewe. Bisibisi aje na yake, za kwangu huazimwa hazirudi. Na aje kabla ya saa nne, maana baada ya hapo umeme ni wa kubahatisha.

Fundi Redio,
Ng'ambo, Tabora