Kuhusu ile kazi ya chuo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimeona kinachokunyima usingizi: umepewa nafasi ya kufundisha uchoraji chuo kikuu, nawe unaogopa kwamba ukianza kusahihisha kazi za watu, zako zitalala. Naona kuna waliokujaza hofu. Hebu nikusimulie habari za Kerry James Marshall, mchoraji mweusi wa Marekani, kisha uamue mwenyewe.

Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1955, akakulia Los Angeles. Alisoma Otis, chuo cha sanaa cha hukohuko, na mmoja wa walimu wake alikuwa Charles White, yule bingwa wa kuchora watu weusi kwa mkaa na penseli. Kwa hiyo yeye mwenyewe alifunzwa na mtu aliyechora huku akifundisha.

Mwaka 1980 alichora picha ndogo sana, kama sentimita 20 kwa 16, kwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai. Ni mtu mweusi ndani ya weusi. Kinachokurukia ni macho, shati, na meno yenye pengo. Tangu hapo watu wake ni weusi tii, na weusi huo umefanyiwa kazi kwelikweli. Anatumia nyeusi za aina tatu, ikiwemo ya kaboni na ya oksidi ya chuma, kisha anazitia buluu, kijani au zambarau kidogo, hii ipoe, ile ipate joto. Ndivyo uso unavyopata shavu na paji bila kupauka. Wengi wetu tukitaka mwanga tunakimbilia nyeupe, tunaishia na kijivu cha majivu. Mimi ningelifanya hilo somo la muhula mzima.

Sasa tuje kwenye ajira. Mwaka 1993 alianza kufundisha University of Illinois at Chicago, akakaa zaidi ya miaka kumi. Je, alilala? Mwaka huohuo alichora De Style, watu ndani ya duka la kinyozi, nywele zimepanda kama minara, picha yenye upana wa mita tatu hivi. Ikafuata mfululizo wa picha za mitaa ya nyumba za serikali. Katika Many Mansions wanaume watatu wamevaa mashati meupe na tai, wanatunza bustani ya maua. Mwaka 1997 akamaliza picha ya Past Times, na mwaka huo akapata tuzo ya MacArthur, ile tuzo kubwa ya fedha ya Marekani kwa watu wenye vipaji. Yote hayo akiwa mwalimu.

Kuhusu pesa, usidanganyike na bei za mnada. Past Times ilinunuliwa kwa dola 25,000 na mamlaka ya jengo la mikutano la Chicago. Mwaka 2018 ikauzwa New York kwa dola milioni 21.1, na fedha hizo zikaenda kwa muuzaji. Mwaka huo pia jiji la Chicago lilitaka kupiga mnada Knowledge and Wonder, aliyoichora kwa ajili ya maktaba ya mtaani, watoto wakiwa wamesimama mbele ya vitabu vikubwa kuliko wao. Alilalamika hadharani, jiji likaiondoa mnadani. Nilifurahi kama vile yangu! Mchoraji analipwa mara moja. Mshahara wa mwisho wa mwezi ndio unaomwezesha kukaa na picha moja muda mrefu bila kuharakishwa na wateja.

Sikufichi, ualimu wenyewe hatimaye aliuacha akabaki na studio. Lakini aliondoka jina likiwa limeshasimama. Yale maonyesho yake makubwa, Mastry, yalifunguliwa Chicago mwaka 2016, kisha yakaenda New York na Los Angeles.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni vikao na makaratasi ya idara kuliko vipindi. Kabla hujasaini, waulize watakupa siku ngapi za wiki zisizo na kipindi, na kama kuna chumba cha kuchorea chenye dirisha. Wakisema chumba ni cha kugawana, uliza na nani. Halafu niandikie walichojibu.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.