Tucson au San Diego: barua kwa rafiki yangu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera sana kwa kumaliza chuo cha miaka miwili. Barua yako nimeisoma nikairudia, maana najua uamuzi huu umekukosesha usingizi. Umechoka na theluji, umekubaliwa Tucson, Arizona, na San Diego, California, na unaniuliza mimi niliyesoma Tucson na sasa nafanya kazi San Diego uende wapi kumalizia shahada.

Nitakujibu kwanza, halafu nieleze. Nenda Tucson. Kitu kimoja tu kinaweza kunifanya nibadili kauli, nacho ni krediti zako. Nitafika huko.

Tuanze na jua, kwa kuwa ndilo lililojaa kwenye barua yako. Miji yote miwili inalo, ila halifanani. San Diego haina baridi ya kuumiza wala joto la kutesa, hasa ukikaa karibu na bahari. Lakini ukifika mwezi Mei ukitegemea kiangazi, utashangaa. Maji ya Pasifiki huko ni ya baridi, hewa ya juu ina joto, na kati yake hujitanda wingu zito la chini linaloingia pwani usiku na mara nyingi kubaki mpaka mchana. Wenyeji wameipa hali hiyo majina, May Gray na June Gloom, na Juni utawakuta wamevaa sweta ufukweni. Kwa mtu anayekimbia mawingu ni vizuri ujue mapema.

Tucson ni jangwa, na joto lake si la mchezo. Tarehe 26 Juni 1990 lilifika nyuzi 47 za Selsiasi, na kuvuka 38 ni jambo la kawaida kuanzia Juni mpaka Agosti. Usukani wa gari lililoachwa juani haushikiki. Watu hutoka alfajiri, wanajifungia ndani mchana, kisha wanatoka tena jua likizama, na wewe utajifunza ratiba hiyo upende usipende. Ukitafuta chumba, usimwulize mwenye nyumba habari za kodi peke yake. Muulize kiyoyozi ni cha aina gani na bili ya umeme ya Julai ilikuwa kiasi gani. Wapo wanaotumia vile vipoza hewa vya maji, vya bei nafuu kuendesha, lakini hewa ikishakuwa na unyevu havikusaidii kitu.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba mvua ya miji hii kwa mwaka inakaribiana mno. San Diego hupata milimita 250 hivi, Tucson huzidi kidogo. Tofauti ni lini. Ya San Diego karibu yote hunyesha majira ya baridi. Ya Tucson, karibu nusu yake huja wakati wa msimu wa radi wa kiangazi, ambao idara ya hali ya hewa huuhesabu kuanzia tarehe 15 Juni hadi 30 Septemba. Asubuhi anga ni safi kabisa. Alasiri mawingu yanarundikana juu ya milima ya Santa Catalina, upepo unainua vumbi, na kabla tone la kwanza halijaanguka unasikia harufu ya kile kichaka chenye nta kwenye majani, harufu kali ambayo sijaisikia kwingine. Kisha inamwagika. Mto Rillito, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu watu wanatembeza mbwa kando yake, unajaa maji ya rangi ya matope yanayobeba magogo, na watu wanajipanga darajani kutazama. Arizona ina sheria kabisa ya kumlipisha dereva gharama za kuokolewa akipita kizuizi akaingia kwenye barabara iliyofurika.

Nimekueleza hayo kwa urefu kwa sababu wewe unasomea maji. Ungekuwa unasomea biolojia ya bahari ningekwambia usipoteze muda, nenda San Diego, taasisi ya Scripps ipo pale tangu 1903. Lakini umeniandikia kwamba unataka haidrolojia, kwamba unataka kuelewa mji unaishije pasipo na mto wa kutegemea. Kwa swali hilo Tucson ni darasa lenyewe.

Tazama. Miji yote miwili hunywa Mto Colorado, na hakuna hata mmoja ulio kando yake. Maji ya Tucson hupitia mfereji wa Central Arizona Project, wenye urefu wa kilomita 540 hivi, uliojengwa kuanzia 1973 hadi 1993. Yanapandishwa kwa pampu zaidi ya mita 850 kutoka Ziwa Havasu, lililo kwenye mto huo. Ili mradi huo upitishwe na Bunge la Marekani mwaka 1968, Arizona ilikubali kwamba mto ukipungua, mfereji wake ukatwe kabla ya California. Deni hilo lilikuja kudaiwa Agosti 2021, serikali kuu ilipotangaza kwa mara ya kwanza upungufu wa maji kwenye Mto Colorado. Mwaka 2022 Arizona ilipoteza takriban asilimia 18 ya mgawo wake. California haikukatwa. Kwa hiyo ukikaa Tucson unakaa mahali ambapo swali lako linafika kwanza.

Na kuna kisa ambacho utafundishwa tu, lakini acha nikudokeze. Mwaka 1992 Tucson ilianza kupeleka maji ya Colorado moja kwa moja majumbani badala ya yale ya visima. Kemia yake ilikuwa tofauti, ikakwangua kutu iliyokuwa imetulia ndani ya mabomba ya zamani, na watu wakafungua bomba yakatoka maji ya kahawia. Mwaka 1994 mji ulisitisha, na 1995 wapiga kura wakapitisha sheria ya kuzuia maji hayo yasipelekwe hivyo tena. Suluhisho lililofuata ndilo linalonifurahisha mpaka leo: maji yanamwagwa kwenye mabwawa ya wazi bonde la Avra, magharibi ya mji, yanazama ardhini, yanachanganyika na maji ya chini, kisha yanavutwa kwa visima na kusambazwa. Tangu 2001 mji unakunywa mchanganyiko huo. Hapo pana kemia, jiolojia, siasa na uhandisi ndani ya glasi moja, na mabwawa yenyewe hayako mbali na mjini.

Sisemi San Diego haina cha kukufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inategemea msambazaji mmoja kwa karibu maji yake yote, ukame ukaitia adabu, na tangu hapo imetafuta kila njia. Mwaka 2003 iliingia mkataba mkubwa wa kununua maji kutoka kwa wakulima wa bonde la Imperial. Desemba 2015 kikafunguliwa kiwanda cha Carlsbad cha kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, chenye uwezo wa galoni milioni 50 kwa siku. Ni kazi kubwa na ningependa uje uione. Ila utaiona ukiwa mgeni wangu kwa wiki moja. Si lazima uhamie.

Sasa krediti, na hapa nakuomba utulie usome taratibu. Shahada ya kwanza huku Marekani kwa kawaida ni krediti 120, na chuo unachomalizia kinataka angalau 30 kati ya hizo uzifanye kwake. Hilo halikusumbui. Kinachosumbua ni kwamba chuo kinaweza kuzipokea krediti zako zote na bado kikakurudisha nyuma, kwa sababu kuzipokea ni jambo moja, na kuzihesabu kwenye masharti ya shahada yako ni jambo lingine. Kozi yako ya hesabu ikiingia kama kozi ya ziada tu badala ya kuingia mahali pa kozi inayotakiwa, utairudia. Na kozi za juu zimeshikana: huwezi kuchukua ya maji ya ardhini bila ya fizikia na kalkulasi, na nyingine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa moja Agosti, unaisubiri hadi Agosti nyingine. Nimewaona watu wakiongeza mwaka mzima kwa sababu ya kozi moja.

Kwa hiyo usikubali jibu la mdomo la "zitakubalika". Tafuta muhtasari wa kila kozi uliyosoma, ule wenye mada, vitabu na saa za maabara, uutume pamoja na transkripti kwa mshauri wa masomo wa idara husika, siyo wa udahili peke yake. Mwombe akuandikie kozi gani inaingia mahali pa kozi gani, na akupangie mihula iliyobaki mpaka siku ya kuhitimu. Fanya hivyo kwa vyuo vyote viwili. San Diego ikikutoa kwa miaka miwili na Tucson kwa mitatu, basi futa niliyoyasema juu, uje huku kwangu.

Kwa maana mwaka mmoja wa ziada kwako ni pesa nyingi. Uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo kote kuwili utalipa ada ya mtu asiye mkazi wa jimbo, hata ukae miaka mingapi ukiwa na viza hiyo. Kazi ni ndani ya chuo tu mwanzoni, na isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Mshahara wa chini wa San Diego ni mkubwa kuliko wa Tucson, lakini kodi ya nyumba inaumeza wote na kuomba nyongeza. Ni miongoni mwa miji ya gharama kubwa zaidi Marekani. Nawajua wanafunzi wa hapa wanaolala watatu chumba kimoja, mbali na chuo, na jioni hawana nguvu ya kusoma. Tucson ukiwa na mwenzako mmoja unaweza kupanga karibu na chuo, ukaenda kwa baiskeli. Ni mji tambarare na baiskeli ni nyingi.

Usafiri San Diego ni mzuri kuliko inavyosemwa, nikiri kwa haki. Treni ya mjini ina kituo chini kabisa ya chuo cha San Diego State (SDSU), na tangu Novemba 2021 nyingine inafika UC San Diego ikitokea mpakani San Ysidro. Bila gari utaishi.

Watu wetu wapo pande zote mbili. Huku wako wengi mtaa wa City Heights, na Tucson wamepokelewa Wakongomani wengi, kwa hiyo Kiswahili utakisikia. Kuna na faraja ndogo usiyoifikiria: Arizona, ukiacha eneo la Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, haisogezi saa mbele na nyuma kwa msimu kama majimbo mengine mengi. Tofauti na Afrika Mashariki ni saa kumi mwaka mzima. Mama akiwa saa mbili usiku, wewe ni saa nne asubuhi, Januari au Julai. Huku kwangu kila Novemba tunaanza kuhesabu upya.

Mambo ya karatasi usiyaache dakika za mwisho. Chuo chako cha sasa lazima kiachilie rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 60 tangu programu yako iishe, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kipya ndiyo itakayokupa I-20 mpya, fomu inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wao. Usiombe rekodi iachiliwe kabla hujaamua, kwa kuwa inaenda kwa chuo kimoja tu na siku yake ikishafika, chuo cha zamani hakina tena uwezo nayo. Na kwa kuwa miji yote iko karibu na mpaka wa Meksiko, zoea kutembea na karatasi zako. Barabara ya kwenda Nogales kutoka Tucson ina kizuizi cha ukaguzi. (Ni barabara ya aina yake, vibao vyake vya umbali vimeandikwa kwa kilomita. Nilipoviona mara ya kwanza nilihisi niko nyumbani.)

Kitu kimoja cha afya. Vumbi la Arizona hubeba kuvu anayeleta ugonjwa wa mapafu uitwao Valley fever. Wengi hupona wenyewe, lakini ukipata kikohozi na uchovu usioisha, mwambie daktari unaishi Tucson na uombe upimwe. Kifua chako nakijua tangu zamani, ndiyo maana nasema.

Nitumie orodha ya kozi zako zote wiki hii, na majibu ya washauri yakifika unipe nakala. Nitakaa nayo nikupangie mihula kwenye karatasi, Tucson upande mmoja na San Diego upande wa pili, halafu tupigiane simu Jumapili tuamue kabla tarehe ya kulipa amana haijapita. Ukienda Tucson, usifike Juni. Fika mwanzoni mwa Agosti, mvua zikiwa zimeshaanza, na mimi nitakuja na gari tukutafutie chumba.

Wako akupendaye,
mimi rafiki yako