Tuambieni na kina cha tope la Mindu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi nakaanga samaki kando ya barabara ya Iringa, hapa Mindu, na gazeti lako nalijua kuliko unavyodhani: nalisoma kwanza, halafu ndilo nalofungia samaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 nimesoma magazeti kuliko maisha yangu yote ya nyuma, mengine ya miezi mitatu iliyopita, mengine nusu ukurasa, hadithi inakatika pale pale penye utamu. Juzi nikimfungia abiria wa Mbeya kambare wake nikaona habari za kuinua tuta la bwawa letu. Kambare nikamtafutia ukurasa mwingine, ule nikauweka.

Kwa wasiopajua, Mindu ni bwawa la Mto Ngerengere, kilomita chache kutoka Morogoro mjini. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili mji na viwanda vipate maji. Maji yake yanasafishwa kwenye mtambo wa Mafiga ndipo yaingie majumbani. Yanayozidi bwawani yanafuata mto mpaka Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo asije mtu wa Kariakoo akasema barua hii haimhusu.

Tuta linatakiwa kupandishwa mita 2.5. Mimi sipingi. Nimeuona mji huu ukila mashamba ya mkonge na mapori mpaka Kihonda imekuwa mji kwa haki yake, na bwawa ni lile lile. Kiangazi kikibana tunasikia redioni kwamba maji yamepungua, tutumie kwa uangalifu. Sawa. Ila katika miaka yote hiyo sijamsikia mtu akitangaza tope limefika wapi.

Marehemu mzee wangu alikuwa mvuvi. Alikuwa na upondo wa mwanzi, ule mti wa kusukumia mtumbwi, na kila masika inapomalizika, maji yakishatulia, alikuwa anakwenda mahali pamoja, upande unakoingilia maji ya mto wa Mlali, anauzamisha, kisha anachonga alama kwa kisu pale maji yanapoishia. Hakuna aliyemtuma. Alisema mtu anayetega nyavu lazima ajue chini ya nyumba yake. Alama ya kwanza ni ya 1991, iko juu kabisa, kama pima mbili na nusu kutoka nchani. Baada ya mvua za El Nino, zile za 1997 na 1998, alama ikashuka kwa kiganja na vidole vitatu kwa mara moja. Ya mwisho ni ya 2016, mwaka aliofariki, na hiyo haifiki hata pima moja. Maji hayakuwa yamekauka, kwani mwaka huo yalikuwa yamelamba mpaka kwenye majani. Chini ndiko kulikopanda juu.

Nilikwenda naye mtumbwini mara mbili tatu. Ukiushusha ule upondo unaona umegota, unadhani umefika. Ukiukandamiza kidogo unaendelea kwenda, polepole, kama mwiko kwenye ugali ambao haujaiva. Kuutoa ndiyo kazi, inabidi watu wawili, na ukitoka unatoa mlio kama wa ng'ombe anayevuta mguu matopeni. Ncha inakuja na tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza, lakini juu ya hilo jeusi kuna utando mwekundu. Ule wekundu naujua. Ndio udongo wa kwetu.

Hapa inabidi niseme ukweli wangu. Sisi Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, na mimi nina kishamba nilichorithi huko juu ya Mlali, mlimani, mahali ambapo ukiangusha boga unalifuata bondeni. Nimelima mahindi na maharage pale zaidi ya miaka ishirini, moja kwa moja kufuata mteremko, kama mama alivyolima. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka maji ya mto yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na siku ya pili yake bwawa zima liko hivyo hivyo. Maji yenye udongo yakiwa mbioni yanaubeba. Yakifika bwawani yanapoa, yanauachia. Hayo sikufundishwa na mhandisi. Ndoo yangu ya maji ya mto inafanya vivyo hivyo usiku mmoja, asubuhi chini kuna uji. Kwa hiyo ninapolalamikia tope la Mindu, Mhariri, sehemu yake ni shamba langu limenifuata mpaka kwenye karai.

Si hilo tu. Nimelima nyanya pia pembeni mwa bwawa. Kiangazi maji yanarudi nyuma, nawe unayafuata na jembe, udongo una unyevu, hauhitaji kumwagilia sana. Tukaambiwa tuondoke, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Tuliondoka, na nasema ilikuwa haki, ingawa siku ile sikusema hivyo. Ila sisi tulionekana kwa sababu tulikuwa kando ya lami. Shamba langu la mlimani halimo ndani ya mita 60 za kitu chochote, na ndilo linaloleta tope zaidi.

Sasa kuna watu watasema: basi walazimisheni wa mlimani wachimbe matuta. Mhariri, hilo limeshajaribiwa. Mwingereza aliwalazimisha babu zetu kuchimba matuta ya ngazi katika milima ya Uluguru, kwa amri na faini, na mwaka 1955 Matombo, huko huko Uluguru, kukawaka ghasia. Nimekua nikisikia neno matuta likitamkwa nyumbani kama jina la ugonjwa. Mjomba wangu mpaka anakufa alikuwa haamini mtu anayekuja shambani na kamba ya kupimia. Na ajabu yake ni kwamba wenzetu wa Mgeta, milima hiyo hiyo, wana ngazi zao za mboga, wamezichimba wenyewe, kwa sababu kabichi na viazi vinawalipa. Mtu hachimbi ngazi ili mwenzake wa mjini afungue bomba. Anachimba akiona shibe yake.

Ninachoomba ni viwili tu. Kwanza, katika fedha hizo za kupandisha tuta moja kubwa huku chini, litengwe fungu la matuta madogo huko juu: miche ya matunda, majani ya kulishia mbuzi yanayoshika kingo, na malipo ya siku za kuchimba, maana ngazi ya mwaka wa kwanza hailishi mtu. Wanaokunywa ndio wachangie, hata kama ni shilingi kidogo kwenye ankara ya maji. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha, goti likiniruhusu.

Pili, ipigwe nguzo ya kupimia tope pale maji yanapoingilia, na kila mwaka masika ikiisha tutangaziwe redioni, kama tunavyotangaziwa maji: mwaka huu tope limepanda sentimita kadhaa. Hatuwezi kushangilia mita 2.5 za juu bila kujua za chini zimeliwa ngapi. Siku hizi perege wanaoletwa kwangu ni wa kiganja, watatu ndio mlo wa mtu mzima, na abiria wanadhani mimi ndiye nimekuwa mchoyo.

Upondo wa mzee bado ninao. Umeshikilia kamba ya nguo nyuma ya jiko, alama zote zinasomeka, isipokuwa mbili ambazo mchwa wamezipitia. Mhandisi anayetaka kuupima na aje, karibu sana. Ila asije saa za mabasi ya asubuhi, maana nitakuwa nyuma ya karai na sitaweza kumhudumia.

Mama Mkaanga Samaki,
Mindu, Morogoro.